Jumapili Tulizomngoja Chui Atoke

Vijana wangu, kabla hamjaanza kucheka, nawaomba radhi. Mwandiko huu unapanda na kushuka kama njia ya Rugerero, na mahali pengine nimesahau herufi nikaibandika juu ya mstari, kama mtu aliyechelewa akakosa pa kukaa. Nilisoma madarasa matano, na la tano sikulimaliza. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unakula asubuhi nzima, na ziwa likiwa na ukungu mimi huinuka nikalitazama, ukurasa ukalala pale pale mezani. Basi nanyi someni polepole, tutafika pamoja.

Mjukuu wangu ameniambia kuna vijana hapa Gisenyi mnaojifunza kazi ya kutembeza wageni na kuwaonyesha wanyama. Amesema, "Babu, waandikie. We ulifanya hiyo kazi zamani, wakati baba zao hawajazaliwa." Nimemwambia sina la kufundisha. Akaniwekea daftari na kalamu mbele yangu, akaondoka.

Miaka ya hamsini kulikuwa na bustani ndogo ya wanyama nyuma ya hoteli moja ya ufukweni, upande wa kwenda mpakani, karibu na pale mnapopaita Grande Barrière. Mtu aliweza kuizunguka yote kabla sigara yake haijaisha. Mlikuwa na korongo wanne wenye taji, wale ambao Wanyarwanda huwaita imisambi. Kobe watatu. Tumbili mmoja tuliyemwita Avoka, yaani mwanasheria, kwa sababu alibishana na kila aliyepita. Na chui.

Mwenye hoteli alikuwa Mbelgiji mrefu ambaye hakutoka nje bila mwavuli, liwake jua au inyeshe mvua, nasi tukamwita Bwana Parasoli. Aliyetunza wanyama alikuwa Mzee Karoli, mvuvi wa hapa hapa ziwani. Siku moja alikuja kuuza samaki hotelini, akaombwa awatupie korongo samaki wawili watatu, akabaki miaka minane. Mimi, Saidi, mtoto wa fundi cherehani wa mtaa wa Waislamu, niliajiriwa nikiwa na miaka ishirini hivi, baada ya mtu aliyenitangulia kurudi kwao Ruhengeri.

Nilikuwa na haya. Sisemi haya ya kawaida. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, sikujua nimjibu nani kwanza, nikaishia kutojibu yeyote. Na kazi yenyewe ilitaka maneno. Familia ikisimama mbele ya kizimba, Bwana Parasoli alitaka tuwaeleze: huyu anakula nini, anatoka msitu gani, ana miaka mingapi. Mara ya kwanza walisimama mbele yangu baba, mama na watoto watano, wote wamevaa viatu vya Jumapili. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Mtoto mmoja akamuuliza mama yake, "Na huyu naye anakula nini?"

Jioni ile Mzee Karoli akaniita kando ya uzio wa kobe. "We Saidi, usiangalie batu. Angalia munyama. Ongea na ye. Batu batasikia tu, masikio yao iko."

Nikajaribu. Niliwapa watu mgongo nusu, nikamwambia kobe, "Wewe unakula majani ya viazi vitamu, na ndizi ikiiva sana unaipenda." Watu wakasikiliza kimya. Tangu siku ile ndivyo nilivyofanya, na wapo waliodhani huo ndio mtindo wa kitaalamu. Nawapa mbinu hii bure. Aliye na haya amtazame mnyama.

Mengine niliyojifunza yalikuja kwa makosa. Korongo hawachezi kwa kupigiwa kelele. Okota kijiti kikavu, kirushe juu kidogo, kiache kianguke, kisha ujifanye huna haja nao. Mmoja atakiokota na kukirusha, mwingine atainua mabawa, na kabla hujahesabu hadi kumi wote wanne wanaruka na kuinamiana kama wako arusini. Avoka naye usimkaribie na kitu kichwani. Baba yangu alikuja siku moja kuniangalia kazini, amevaa kofia yake ya kudarizi ambayo mwenyewe aliishona mwezi mzima. Avoka aliinyakua, akaigeuza ndani nje, akachunguza mishono, akairudisha kwa kuitupa. Baba aliiokota, akasema, "Huyu anajua kazi. Mshono wa ndani nilikuwa nimeharakisha."

Nikifumba macho mchana, Jumapili zile zinarudi, na sijui tena lipi nililiona na lipi nililiota. Asubuhi walikuja wageni wa hoteli na watoto wao wenye kofia za majani. Hao walikuwa na saa zao. Alasiri, baada ya misa na baada ya chakula, ndipo walipokuja watu wetu. Walitoka Goma kwa miguu, mama mbele na mwavuli, watoto wameshikana mikono. Walishuka kutoka Rugerero wakiwa wamebeba viatu ili visipate vumbi, wakavivalia langoni. Wake za wafanyabiashara wa mtaa wetu walikuja na buibui zao na kikapu cha sambusa. Hakuna aliyeharakisha. Upepo wa ziwa ulikuja na kuondoka. Mlima wa moto ulikaa kule kaskazini, umevaa wingu, na chini yake watu walitembea wakinong'ona, kama kwamba bustani nzima imelala nao hawataki kuiamsha. Watoto waliwauliza baba zao maswali, na baba zao walijibu kwa uhakika mambo wasiyoyajua. Nilipenda kusikiliza. Baba mmoja alimwambia mwanawe kwamba kobe ni jiwe lililopata njaa.

Lakini ilikuwepo shida, na shida ilikuwa chui.

Chui wetu, aliyeletwa mwaka ule ule nilioajiriwa, alikuwa mzee, sikio moja limechanika. Kizimba chake kilikuwa kikubwa, cha vyuma, na ndani mlikuwa na gogo refu, jiwe pana jeusi la volkano, na nyuma kabisa chumba kidogo cha mawe chenye giza. Siku za kazi alilala juu ya gogo mguu mmoja ukining'inia, na jua likipita katikati ya majani juu yake hukujua doa lipi ni lake na lipi ni la jua. Jumapili alijifungia chumbani. Hakuonekana hata mkia.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee Karoli alisema chui hapendi kengele za kanisa. Mama yangu, aliposikia kwamba siku ya Ijumaa chui hulala gogoni kutwa nzima ametulia, aliwaambia majirani kwamba yule ni Muislamu, na mtaani kwetu habari hiyo ilipokelewa vizuri sana. Wapo waliokuja Ijumaa kumwona kwa ajili hiyo, wakarudi wameridhika.

Bwana Parasoli hakucheka. Jumapili moja mtoto wa mgeni wake alilia mbele ya kizimba kitupu mpaka akatapika. Wageni walipoondoka, Bwana akatuita mimi na Mzee Karoli, akaufunga mwavuli wake, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Batoto banatoka mbali, banaona nyumba tupu," alisema. "Bon. Mi nangoja mpaka Pasaka. Siku ya Pasaka asipotoka, mi nampiga risasi. Ngozi yake nitaweka mu salon, ku ukuta ya hoteli. Pale batoto batamuona kila siku, na hatajificha tena."

Mzee Karoli akasema, "Lakini Bwana..."

"Pasaka," alisema, akaufungua mwavuli.

Zilibaki Jumapili tano.

Sasa niwaambie jambo moja kuhusu mimi. Kwa maneno sikuwa kitu, lakini kwa usafi nilikuwa hodari. Nilikulia katika nyumba ambayo mama alisugua ua kwa majivu mpaka kuku wakateleza. Mgeni akija kwetu, kila kitu huoshwa kabla hajafika, hata vile ambavyo hataviona. Kwa hiyo nilipoajiriwa niliona aibu kwamba Jumapili watu wanakuja na nguo zao nyeupe kutazama kizimba kilichopitishwa ufagio tu. Nikaomba dawa ya kusafishia, ile nyeusi inayogeuka maziwa ukiitia majini. Kila Jumapili alfajiri nilimvutia chui chumbani kwa kipande cha nyama, nikafunga mlango wa chuma, nikasugua sakafu, jiwe, gogo, kila nondo ya vyuma. Kisha nikamfungulia mlango. Bwana Parasoli alipita na kitambaa cheupe, akafuta nondo moja, akakitazama, akasema, "Très bien, Saidi." Nilikuwa nikiyangoja maneno yale ya Kifaransa, vizuri sana, wiki nzima.

Mnaona tulikokuwa tunaelekea. Mimi sikuona.

Jumapili ya kwanza kati ya zile tano ikaja familia kutoka Rugerero. Mbele alikuwa bibi kizee mwembamba, Bibi Koleta, na nyuma yake mwanawe Petero na watoto wanne wa Petero. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kufunikwa na ule weupe wa uzeeni. Alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko wapi ndugu yangu?"

Nikadhani anamtafuta mtu wa hotelini.

Petero akacheka. "Usimujali. Anataka kuona chui."

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo kila Mnyarwanda analijua, nami, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka Ujiji, sikulijua. Wanyarwanda wana koo, na kila ukoo una mnyama wake. Bibi Koleta alikuwa binti wa Abazigaba, na mnyama wa Abazigaba ni chui. Marehemu mumewe alikuwa wa Abasindi, kwa hiyo Petero na watoto ni Abasindi, na mnyama wao ni korongo. Na kati ya koo hizo kuna utani, wa halali, ambao mtu hawezi kuukasirikia.

Watoto walikuwa wamekwishakimbilia korongo. Nilirusha kijiti, korongo wakacheza, na watoto wakacheza nao ng'ambo ya wavu, mikono juu.

"Mama, tazama batu ya kwetu!" Petero akapaza sauti. "Banacheza, bamevaa taji, banapokea bageni. Na kaka yako? Amelala! Hata mulango hafungui!"

"Anapumzika," Bibi Koleta alisema. "Ye anafanya kazi. Nyinyi ni kucheza tu."

"Kazi gani?"

"Ya kuogopwa."

Akasogea mpaka kwenye kizimba. Akaketi chini, akaegemeza bega kwenye nondo, akakaa. Nikamwambia asikae karibu vile. Nikasema nikilitazama gogo, akadhani naongea na gogo. Aliniambia kwamba tangu utotoni amesikia jina la chui kila siku, lakini hajamwona hata mmoja aliye hai, na macho yake sasa yanakwenda. Petero aliposikia hapa kuna chui amemleta. Ni hilo tu. Amwone mara moja, wakati bado anaona.

Tukangoja. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa. Watu wengine walipita, wakatazama kizimba kitupu, wakaenda zao. Sijui ni muda gani. Kisha katika giza la kile chumba nikaona pua. Pua peke yake, inatikisika. Halafu ndevu. Halafu kichwa chenye sikio lililochanika, kikatoka mpaka shingoni, kikasimama kikimwelekea bibi. Chui akavuta pumzi ndefu, kinywa wazi kidogo, kama mtu anayetaka kukumbuka jina. Kisha akarudi ndani.

Mtoto mdogo wa Petero akamwambia bibi yake, "Nyogokuru, amekujua."

"Nimeona kitu kama kivuli," Bibi Koleta alisema. "Ilikuwa ni yeye?"

"Ni yeye," nikasema.

"Basi nitarudi. Kivuli hakitoshi."

Mzee Karoli aliamini moja kwa moja. Jioni alisema damu inatambua damu, hata ya mnyama. Nami niliamini. Nililala na furaha, nikaota korongo wamevaa viatu vya Jumapili.

Jumatatu asubuhi nilipofika, chui alikuwa ametoka, na alikuwa akifanya jambo la ajabu. Alikuwa amesimama pale bibi alipoegemea, anasugua shavu lake kwenye nondo ile ile, upande huu na upande ule, macho yamefumbwa. Alipochoka akapanda gogoni. Nikaenda nikapiga magoti upande wa nje, nikaweka pua yangu kwenye ile nondo.

"We Saidi!" Mzee Karoli alikuwa nyuma yangu na ndoo ya samaki. "Nawe ni Muzigaba?"

Ilikuwa ni siagi. Siagi ya ng'ombe iliyofukizwa kwa majani, ambayo akina mama wa Kinyarwanda hujipaka mabegani siku za heshima. Bega la bibi lilikuwa limeiacha kwenye chuma.

Nilibaki pale magotini nikinusa, na harufu ile ilinipeleka nyumbani. Nilimkumbuka mdogo wangu, Zaina. Alipokuwa mchanga alikuwa na kipande cha kanga ya mama alichokilalia, kimechakaa, kinanuka maziwa na moshi. Siku moja mama alikiosha kwa sabuni na kukianika. Zaina alilia usiku na mchana, akakisukuma kila akipewa. Hakutulia mpaka mama alipokivaa kifuani siku mbili, kikarudi kunuka kama zamani.

Nikanusa viganja vyangu. Vilinuka ile dawa nyeusi. Vilikuwa vinanuka hivyo tangu siku niliyoajiriwa.

Nikaona mambo yote kwa mara moja, kama ukungu unapoinuka ziwani na Goma ikaonekana ng'ambo na nyumba zake. Kila Jumapili nilikuwa nikiifuta nyumba ya yule mzee. Gogo lake, jiwe lake, kila alipokuwa ameacha shavu lake wiki nzima ili pawe kwake, nilikuwa nikipageuza kuwa hospitali. Alitoa pua nje, akakuta si kwake, akarudi gizani. Kufika Jumatatu dawa ilikuwa imeanza kupungua nguvu naye ameanza kupasugua upya. Ijumaa alilala gogoni ametulia. Hakuwa Muislamu wala hakuchukia kengele. Alikuwa anaoshwa na mimi.

Nilimweleza Mzee Karoli. Alikaa juu ya ndoo yake. "Mi singejua," alisema. "Pua yangu ilikufa zamani na moshi ya samaki. Miaka yote nafikiri wewe unaosha na maji."

"Tufanye nini?"

"Usioshe."

"Na kitambaa cha Bwana?"

Akakuna kichwa. Hapo ndipo palikuwa na fundo. Nikiosha, chui hatoki, na Pasaka anapigwa risasi. Nisipoosha, kitambaa cheupe kitatoka cheusi, nami naondoka. Baba alikuwa ameanza kupungukiwa na macho, na mshahara wangu ndio uliokuwa unanunua unga. Na njia ya katikati ilikuwa moja tu, kwenda kuongea na Bwana Parasoli. Mimi!

Nitakiri kwenu, Jumapili mbili zilizofuata niliosha. Nilijua ninachokifanya, na niliosha. Bibi Koleta hakuja, mvua ilikuwa imekata njia. Chui hakutoka. Bwana alifuta nondo, akasema, "Très bien, Saidi," na maneno yale yalikuwa machungu mdomoni kama mimi ndiye niliyeyasema. Jumapili ya tatu nikamwona hotelini akimwonyesha fundi seremala ukuta, anapima kwa mikono upana wa ngozi.

Kesho yake nilimngoja njiani. Alipofika mbele ya kizimba na mwavuli wake, nikamgeukia chui. Chui alikuwa gogoni, anatuangalia.

"Mzee," nikamwambia chui, "nakuomba radhi. Ni mimi ninayekufukuza. Kila Jumapili naiondoa harufu yako kwa dawa, nawe unajificha. Bwana akikubali, nitaosha sakafu kwa maji tu. Gogo na jiwe na nondo za mbele sitazigusa. Na Bwana akitaka kunifukuza, anifukuze baada ya Pasaka."

Matone ya maji yalikuwa yakidondoka kwenye mwavuli kutoka mtini. Kisha nikasikia Bwana Parasoli naye akimwambia chui, "Donc, huyu bubu anaongea." Akautikisa mwavuli. "Mpaka Pasaka nilisema. Bon. Aoshe na maji."

Akaenda zake. Hakunitazama, wala mimi sikumtazama. Nadhani yeye naye alikuwa na haya, na mwavuli ndio ulikuwa mnyama wake.

Zilibaki karibu wiki mbili. Jumapili ya nne mvua kubwa ilinyesha kutwa, chui akakaa ndani, nami niliogopa kwamba muda hautoshi, kwamba ile dawa imeingia ndani ya mti. Siku ya Ijumaa Kuu nikapanda Rugerero kwa miguu. Nilimkuta Bibi Koleta uani akichambua maharage kwa vidole, macho yakiwa kwingine. Nikamwomba siagi kidogo, ile ya kujipaka. Kijana wa kiume, Muislamu wa mjini, anaomba mafuta ya kina bibi.

"Ya nani?" aliuliza.

Nikatazama maharage. "Ni ya mgeni. Anakuja Pasaka."

Hakuuliza tena. Alinifungia donge zima katika jani la mgomba, akasema, "Mugeni apokelewe vizuri."

Pasaka alfajiri, chui akiwa amefungiwa chumbani, nilipaka siagi kwenye gogo, kwa vidole, pale pale alipopenda kuweka kidevu. Kisha nikamfungulia mlango, nikaenda kukaa mbali, nikatazama ziwa, kwa sababu sikuweza kutazama kizimba.

Asubuhi wageni wa hoteli walipofika, chui hakuwepo. Bwana Parasoli alitazama saa yake. Mtu wa bunduki alikuwa ameketi kwenye baraza la hoteli anakunywa kahawa. Watoto wenye kofia za majani walikuja, wakatazama, wakaondoka. Adhuhuri ikapita. Watu wetu wakaanza kuingia, wengi kuliko siku zote, nguo mpya, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Na kati yao Bibi Koleta, mkono juu ya bega la mjukuu, na Petero nyuma.

"Mama," Petero alianza, "leo hata Pasaka kaka yako..."

Hakumaliza. Pua ilitoka. Kichwa kikatoka. Kisha bega, kisha mwili mzima, mrefu, mrefu, kama hautaisha. Chui alivuka sakafu bila sauti, akapanda gogoni, akasugua shavu la kulia, akasugua shavu la kushoto, akalala, mguu mmoja ukaning'inia. Watu wote bustanini walisogea kwenye kizimba. Nakumbuka korongo mmoja alilia, na hakuna aliyegeuka. Jua lilipita katikati ya majani, na madoa yakatembea juu ya madoa.

Bibi Koleta aliweka uso katikati ya nondo mbili. Alitazama kwa muda mrefu sana, kama mtu anayekunywa. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, taratibu, "Wiriwe, musaza wanjye." Umeshindaje, kaka yangu.

Petero alivua kofia yake. "Mi nimenyamaza," alisema. "Leo nimenyamaza."

Nilipogeuka, yule mtu wa bunduki alikuwa amesimama katikati ya watoto na kikombe chake mkononi, anatazama kama wao. Bwana Parasoli alikuwa nyuma ya wote. Hakusema très bien. Alimwinamishia chui mwavuli wake kidogo, kama mtu anayevua kofia, akaondoka.

Chui aliishi miaka mingine minne, na kila Jumapili alitoka, isipokuwa siku za mvua kubwa. Sikupaka siagi tena. Baada ya Pasaka hakuihitaji, nyumba ilikuwa yake. Lakini kuna jambo lilinisumbua miaka ile yote. Bibi Koleta alimwambia kila mtu Rugerero kwamba chui alimtambua, na watu walikuwa wakija na bibi zao na babu zao, Abazigaba wa mbali, wasalimie ndugu. Nami nilijua ni siagi. Sikumwambia. Mara nyingi nilianza, nikatazama gogo, nikanyamaza.

Mara ya mwisho alikuja akiwa haoni kabisa. Mjukuu wake, yule aliyesema "amekujua", alikuwa msichana mkubwa sasa, akamketisha pale pale pa siku zote akaenda kuwatazama korongo. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Chui alikuwa ndani, mzee sana, nikajua siku ile hatatoka.

"Ametoka?" aliuliza.

Nikatazama gogo tupu lililolowa. Nikaona safari yake yote kutoka Rugerero, na matope miguuni.

"Ametoka, bibi. Yuko gogoni, amekutazama."

Bibi Koleta aliinua uso, akavuta pumzi ndefu, kinywa wazi kidogo. Kisha akacheka, bega lake likatikisika kwenye chuma.

"Muongo weye Saidi. Hajatoka. Unafikiri ni pua yake peke yake inayofanya kazi?" Akanigusa mkono. "Na siku ile ya Ijumaa Kuu bado ulinuka ile dawa kutoka mulangoni, ukaniambia siagi ni ya mugeni. Nilimuchagulia ile iliyofukizwa na majani mazuri zaidi. Nilitaka atoke."

"Ulijua?"

"Nilijua nini? Kwamba alitoka sababu ya harufu?" Aligeuza uso kuelekea kile chumba cha giza. "Na we, mama yako unamujua na nini, gizani?"

Tukakaa pale. Ziwa halikuonekana. Baadaye kidogo alisema, "Sasa anaamka," nami sikuona kitu, lakini nilimwamini, tukangoja.

Vijana, karatasi inakwisha na mkono umechoka. Nawaomba kitu kimoja. Nyumbani kwenu kuna bibi au babu aliyewahi kushuka ufukweni Jumapili za zamani. Muulizeni alikwenda kumsalimia mnyama gani kwanza. Kisha chukueni karatasi mniandikie, hata mistari mitatu, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Wala msingoje mpaka karatasi iwe safi. Ikiwa na alama ya vidole vyenu, na harufu ya jikoni kwenu, nitajua imetoka nyumbani kwa mtu.